Naomba ushauri: cherehani ya ngozi inaruka mishono kwenye unene

Habari zenu mafundi, na wakubwa zangu shikamooni. Niko Ngamiani, Tanga. Nashona nguo, na sasa najifunza mikoba ya ngozi kwa cherehani kubwa ya mtumba, ile ambayo mguu wake unatembea pamoja na sindano.

Ngozi ya milimita 3 au 4 inashona vizuri kabisa. Shida inaanza pale mkanda wa mkoba unapokutana na mwili wake, unene unafika kama milimita 9. Sindano ikipanda pale inaruka mishono miwili mitatu, na ukigeuza kazi unakuta uzi umejikunja vitanzi upande wa chini. Cha ajabu, nikizungusha gurudumu kwa mkono polepole hairuki hata mmoja.

Natumia sindano ya ngozi namba 23 na uzi mnene wa nailoni. Nimebadilisha sindano, nimesafisha nyumba ya bobini, nimekaza uzi wa juu mpaka ukaanza kukatika. Kuongeza mkandamizo wa mguu kumesaidia kidogo, lakini meno yanaacha alama kwenye ngozi laini, na mkoba wenye alama hauuziki.

Je, hapa ni ile ndoana inayodaka uzi chini imepishana na sindano, au ni mota? Maana hii ya klachi ukiigusa tu inakimbia. Na kama kuna aliyefunga mota ya sevo, ile unayoweza kuipunguza mwendo, inapita unene huu kwa mwendo wa polepole bila kukwama? Nataka kujua kabla sijamwita mtu aifungue mashine. Natanguliza shukrani.