Mjadala: Mihadhara ya usalama ina faida gani faili za 1969 zikiwa bado zimefungwa?

Mkazi wa Kondele
Ndugu zangu, juzi ukumbi mmoja hapa Kisumu ulijaa watu waliokuja kumsikiliza afisa mstaafu akieleza ujasusi na usalama wa taifa. Alizungumza vizuri sana kuhusu Somalia, tangu majeshi yetu yavuke mpaka Oktoba 2011. Maswali yaliandikwa kwenye vikaratasi. Nilikaa safu ya mbele, nikamwona mfawidhi akikisoma kimyakimya kikaratasi kilichouliza juu ya tarehe 25 Oktoba 1969, akakikunja, akakiweka chini ya vingine vyote, na muda ukaisha. Siku hiyo tunaijua: Mzee Kenyatta alikuja kufungua hospitali iliyojengwa kwa msaada wa Wasovieti, ile tunayoiita Russia hadi leo, wakarushiana maneno na Jaramogi Oginga Odinga, kiongozi wa upinzani, mbele ya umati, na watu wakapigwa risasi. Serikali ilitaja waliokufa kuwa 11, idadi ambayo huku nyumbani haikubaliki, na siku chache baadaye chama cha Jaramogi, KPU, kikapigwa marufuku. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na sheria ya mwaka 2016 inachukulia kwamba habari iliyotunzwa zaidi ya miaka 30 haifai tena kufichwa, isipokuwa anayeificha athibitishe sababu. Nani amethibitisha sababu hiyo kuhusu 1969?

Mwalimu, Webuye
Mkazi wa Kondele, huwafikirii waliotajwa ndani ya faili hizo. Faili ya ujasusi ina majina ya watoa habari, na wajukuu wao leo ni majirani zetu. Sisi wa Bungoma tuliishi na SLDF, wanamgambo wa Mlima Elgon, kati ya 2006 na 2008. Kushukiwa tu kuwa umepeleka habari kwa serikali kulitosha ukatwe masikio. Anayedai kila kitu kianikwe hajawahi kulala akisikiliza hatua za watu nje ya mlango wake. Isitoshe, nchi isiyojua kulinda siri na nidhamu yake hupatwa na yale ya Lanet, kambi ya jeshi karibu na Nakuru, pale askari wachache wakorofi walipotaka kuiangusha serikali kwa ajili ya mishahara hata kabla hatujapata uhuru.

Binti wa Lanet
Mwalimu, kwa heshima zote, hapo umenigusa pabaya na siwezi kunyamaza. Kwanza, uhuru ulikuwa umeshapatikana. Usiku wa tarehe 24 Januari 1964 ulikuwa wiki sita baada ya bendera kupandishwa, na kikosi cha 11 cha Kenya Rifles kilikuwa bado chini ya maafisa wa Kiingereza. Askari walidai mishahara na walitaka kuongozwa na Waafrika wenzao, kama walivyodai wenzao wa Tanganyika na Uganda wiki iyo hiyo. Hakuna aliyetaka kuiangusha serikali. Serikali yetu wenyewe ndiyo iliyoomba wanajeshi wa Uingereza waje kuwazima. Marehemu baba yangu alikuwa mpishi katika kambi ile na hakushika silaha, lakini mtaani kwetu Nakuru aliitwa muasi hadi uzeeni, na kila habari za jeshi zilipoanza redioni alinyosha mkono akaizima. Unaposema "askari wakorofi", fahamu kwamba unasema na watoto wao.

Mwalimu, Webuye
Dada, pole kwa ya mzee. Kuhusu tarehe umenisahihisha na nimekubali. Hata hivyo, askari anayevunja ghala la silaha usiku ameasi, awe na haki ya mshahara au asiwe nayo, na mahakama ya kijeshi iliwahukumu kwa kosa hilo.

Mjukuu wa Nandi Hills
Mnabishana juu ya nidhamu ya askari kana kwamba wenye siri ndio wenye nidhamu. Koitalel arap Samoei, kiongozi wa Wanandi waliowapinga Waingereza, aliitwa kwenye mazungumzo ya amani tarehe 19 Oktoba 1905 akauawa hapo hapo, na Meinertzhagen, afisa wa Kiingereza aliyeongoza mauaji hayo, baadaye alipewa ujasusi wa Waingereza katika vita vya Afrika Mashariki. Faili walizozihamisha kutoka Nairobi wakati wa uhuru zilifichwa Hanslope Park, kituo cha serikali huko Uingereza, na hazikukiriwa hadi kesi ya wazee wa Mau Mau ilipowabana mwaka 2011. Miaka miwili baadaye walikubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa watu 5,228. Karatasi ndizo zilizowabana, si mihadhara.

Mkazi wa Kondele
Ndilo nililouliza, na mpaka sasa sijaona aliyegusa ile miaka 30. Tumehamia Lanet.

Binti wa Lanet
Tumehamia Lanet kwa sababu ni jambo lile lile, kaka. Wewe unataka faili ya Russia, mimi nataka mwenendo wa kesi za mahakama ya kijeshi za 1964, nisome askari wale walisema nini walipopewa nafasi ya kujitetea. Nimeamua kuandika barua ya maombi kwa Makavazi ya Kitaifa nikitaja sheria uliyoitaja.

Mwalimu, Webuye
Andika, na mimi nitakusaidia kuipanga. Ombi langu ni moja tu: majina yafutwe kabla ya kutolewa.

Binti wa Lanet
Majina ya nani, Mwalimu? Ya waliopeleka habari, nitakuelewa. Ya waliohukumiwa, sikubali lifutwe hata moja, kwa sababu familia zao hazijawahi kusoma walichoshtakiwa.