Mwalimu mgeni Dodoma: nyumba ya shule, chumba cha uani Kikuyu, au nyumba nzima Ihumwa?

Mkenya_Chaki:
Wakuu, shikamooni nyote. Naanza hivyo makusudi. Siku yangu ya kwanza darasani hapa Dodoma, watoto wa darasa la tatu walisimama wote wakaimba, "Shikamoo mwalimu!" Mimi mtu wa Nakuru nikaitikia kwa heshima zangu zote: "Shikamooni pia." Huu ni mwezi wa tatu, na bado wapo wanaonisalimia wakiwa wameziba midomo.

Sasa shida yangu. Nakaa gesti na mfuko unalia. Nimepata sehemu tatu.

Ya kwanza ni nyumba ya shule. Ya bure, bomba liko ndani, kutoka mlangoni hadi darasani ni hatua hamsini.

Ya pili ni chumba masta cha uani, Kikuyu, elfu sabini kwa mwezi. Mwenye nyumba ni mama mtu mzima, anakaa nyumba ya mbele. Dalali aliposema "Kikuyu" nikajua ananipeleka kwa watu wa kwetu, basi nikamwamkia yule mama kwa Kigikuyu safi. Naye akanipa "Mbukwenyi!" Tukabaki tunatazamana, dalali akisubiri asilimia zake.

Ya tatu iko Ihumwa, nyumba nzima mpya, vyumba viwili, laki na nusu. Ila mwenyewe anataka ya miezi sita mkononi. Kwetu tunalipa mwezi kwa mwezi, nusura nizimie.

Nyinyi mliowahi kufundisha ugenini, mngechukua ipi?

BintiMgogo:
Kikuyu. Mjadala umefungwa 😂 Ila jifunze kuitikia Mbukwenyi, salamu yetu Wagogo, kabla hujahamisha godoro.

Mwl_wa_Kampala:
Usiingie nyumba ya shule. Aliyesema rahisi ni ghali nadhani alipewa nyumba kama ile.

Mimi nilikaa humo mwaka mzima. Kwanza, unakuwa mwalimu wa zamu siku zote saba. Mtoto wa bweni akiumwa tumbo saa nane usiku, mlango unaogongwa ni wako, kwa sababu taa yako ndiyo inaonekana. Pili, kamba ya kuanikia nguo inatazamana na uwanja wa mstarini. Agosti na upepo wenu huu wa Dodoma! Asubuhi moja mkuu wa shule anatoa matangazo, boksa yangu ikapaa, ikapita juu ya bendera, ikatua kwa darasa la tano. Mtoto mmoja mwenye adabu sana akaikunja vizuri, akaniletea kwa mikono miwili mbele ya shule nzima. "Mwalimu, nguo yako."

Lakini hasara kubwa ilikuwa lugha. Kwetu Uganda wengi Kiswahili tulikisikia kwa askari, kwa hiyo mimi nilijua kuamrisha tu. Nilimwambia mpishi, mama wa umri wa mama yangu, "Wewe! Lete chai!" Akaniletea birika tupu, akaniambia jiko liko kule. Na pale shuleni kila mtu anaongea Kiingereza, hakuna wa kukusahihisha. Nilimaliza mwaka bado nafoka.

Mzee_wa_Mtumba:
Msimtishe na Ihumwa. Mimi niko upande huu tangu wizara zilipoanza kuhamia Mtumba. Kuna hewa, unafuga kuku, na LUKU, mita ya umeme, ni yako peke yako. Uani mnachangia umeme, ukipiga pasi suruali mbili tu kikao kinaitishwa.

Mambo ya kuangalia ni mawili. Maji usimuulize dalali, muulize jirani yanatoka siku ngapi kwa wiki. Na njia uipite mvua ikinyesha, maana kuanzia Desemba hadi Aprili bajaji nyingine zinakushusha lami unamalizia kwa miguu. Mji wenyewe wazee wanasema ulipata jina kwa tembo aliyedidimia. Hiyo miezi sita inapungua, mwambie unayo ya mitatu halafu anza kuondoka taratibu.

Mwana_Miyuji:
Mimi ni wa hapa hapa, ila mwaka mmoja nilifundisha Kiswahili chuoni Marekani, nikapewa uchaguzi kama wako: bweni, kukaa na familia, au kajumba kangu. Nikachagua kajumba. Mtu mzima, nijitegemee.

Januari usiku nikatoka kutupa taka nimevaa msuli na kandambili. Milango ya kule ukiiachia inajifunga yenyewe. Ufunguo mezani, simu mezani, theluji imefika kwenye kifundo cha mguu. Nikagonga kwa jirani niliyekuwa napishana naye ngazini miezi minne. Akachungulia kitundu, akauliza namtafuta nani. Nikamwambia, "Nakutafuta wewe." Akakaa kimya muda mrefu sana, mimi natetemeka, msuli nao umeanza kukakamaa kwa baridi. Mwisho alifungua, na chai akanipa, ila jina langu alilijua usiku ule.

Kikuyu huwezi kukaa nje dakika tano. Mama atakuwa ameshafungua kabla hujagonga. Na asubuhi mtaa mzima utajua ulikuwa umevaa nini.

Mkenya_Chaki:
Mwana_Miyuji umenimaliza.

Jana nilirudi kumwona mama. Njiani nikapitia kwa Mangi, mwenye duka la mtaani, nisiende mikono mitupu. Nikaomba (ndiyo, siku hizi siagizi "nipe", naomba) maziwa lala. Mangi akawaka: "Hapa kwangu hakuna kilicholala, maziwa ni ya leo!"

Nikafika bila maziwa. Tumekaa sebuleni, giza likaingia ghafla. Nikasema, "Mama, stima imepotea." Mama wa watu akainuka, akaanza kupapasa chini ya kochi. "Ikoje, mwanangu? Ya rangi gani?" Na mimi nikapiga magoti nimsaidie kutafuta.

BintiMgogo:
Sema mtindi 😂😂 Na umeme UMEKATIKA. Jamani mimi niko kwenye daladala watu wananiangalia.

Mzee_wa_Mtumba:
Ihumwa ungejikalia gizani mwenyewe, bila aibu.

Mkenya_Chaki:
Nimelipa ya miezi mitatu, Kikuyu. Kanipikia ugali wa uwele na mlenda, shati langu jeupe sasa lina ramani. Ila kuna jambo moja linaninyima usingizi. Ameniambia kesho asubuhi ni zamu yangu kufagia uwanja. Nimewaza uwanja wa mpira, nimewaza wa ndege. Wakuu, uwanja upi?

Mwana_Miyuji:
Huo hapo nje ya mlango wako, mwalimu. Amka mapema, na maji unyunyize kwanza.