Tupeane uzoefu: korona ilibadilisha nini kwenye mazingira na maisha pale ulipokuwa?

Wakuu heshima kwenu. WHO walitangaza janga la dunia Machi 11, 2020, dharura ikaja kufutwa Mei 5, 2023, na hapo katikati tumeona mengi ila kinachorudiwa kila siku ni kimoja tu, eti dunia ilipumua. Mi nafanya usafi wa majengo na mitaro, hiyo dunia iliyopumua sikuiona, nilichoona ni barakoa. Zile za buluu watu wanadhani ni karatasi, ni plastiki ile, polipropilini, haiozi leo wala kesho. Unafungua chemba unakuta kamba za masikioni zimejisuka na nywele na glavu, unavuta moja linakuja donge zima linadondosha maji meusi, na mvua ikinyesha kidogo tu maji yanarudi kwa watu ndani. Haya, na nyie mwageni yenu, aliyefaidika na aliyeumia wote karibuni.

Nesi wa zamu ya usiku
Umeongelea za mtaani, ungeziona za wodini ungekaa chini. Mifuko ya njano ya taka za wodini ilikuwa inapangwa mpaka koridoni maana tanuri la kuchomea lilizidiwa, likizimika kidogo tu ni mlima. WHO wenyewe 2022 walisema vifaa kinga vilivyonunuliwa kupitia mpango mmoja tu wa UN, kuanzia Machi 2020 hadi Novemba 2021, vilikuwa kama tani 87,000, na vingi viliishia kuwa taka. Kinachoniuma, glavu nyingi hazikuwa na kazi. Kuchoma chanjo hakuhitaji glavu, unasafisha mikono basi, lakini mkubwa wetu alikuwa anataka tubadilishe kwa kila mtu ili tuonekane tuko makini. Ukihoji unaitwa mbishi.

Kifua Kibovu
Mi nitasema tofauti msinipige mawe. Nina pumu na naishi kando ya barabara kubwa. Miezi ile magari yalipokata nililala usiku mzima bila kuamka kutafuta ile dawa ya kuvuta, kitu ambacho sikuwa nakikumbuka tangu utotoni. Kwa hiyo mtu akisema hewa ilisafishika mimi namwelewa kabisa.

Mzee wa Takwimu
Kifua Kibovu pole, ila tusichanganye moshi na hewa ukaa, yaani kaboni dioksidi inayopasha dunia joto. Moshi wa magari ukiacha kuutoa unapungua ndani ya siku chache, hata satelaiti zilionyesha China mwanzoni mwa 2020 ile gesi ya nitrojeni dioksidi ya kwenye moshi imeshuka sana. Hewa ukaa haiendi hivyo, iliyoko angani inakaa karne na karne. Aprili 2020 dunia nzima imejifungia, uzalishaji wa hewa ukaa kwa siku ulishuka kama asilimia 17 ukilinganisha na 2019, mwaka mzima ukashuka kama asilimia 5 hivi, na 2021 karibu yote ikarudi. Na huo mwaka wenyewe kiwango cha angani kiliendelea kupanda. Yaani watu wamefukuzwa kazi, ndege zimepaki, na bado! Halafu ile video mliyokuwa mnatumiana, eti pomboo wamerudi kwenye mifereji ya Venice kule Italia, ilipigwa kisiwa cha Sardinia.

Ticha wa Hesabu
Mazingira sawa, ila jamii mnairuka. UNESCO walihesabu wanafunzi zaidi ya bilioni 1.5 waliofungiwa shule duniani. Kwangu masomo yalihamia kwenye simu, na simu nyumbani ni moja, ya baba, na baba anarudi usiku bando limeisha, kwa hiyo mtoto anaisoma saa nne akiwa anasinzia. Tulipofungua nikaita majina, wavulana wa nyuma kule kimya. Walikuwa wameshaonja hela ya vibarua, nani amrudishe tena kwenye milinganyo?

Askari wa Pori
Pori lenyewe liliteseka jamani. Watalii walipokata na mapato yakakata, wenzetu wengi wakapewa barua, doria ikabaki na watu wachache na mafuta ya kupimiana. Na vijijini watu wamepoteza vibarua, watakula nini, mitego ya waya ikajaa. Wanyama mlioambiwa wametoka kutembea, huku wengine walikuwa wanaingia sufuriani. Tena haya magonjwa yenyewe yanapita humohumo kati yetu na wanyama, SARS ya 2002 ilihusishwa na fungo wa sokoni, MERS ya 2012 ni ngamia, na hii ya juzi sisi ndio tuliwaambukiza minki, wanyama jamii ya vicheche, wa kufugwa kule Denmark, serikali ikaamuru wauawe wote, mamilioni.

Mwanzisha mada
Askari, hao wenzako waliopewa barua walirudishwa?

Askari wa Pori
Kama nusu hivi mkuu. Wengine walishapata shughuli zao wakagoma, sasa tuna vijana wapya ndio tunawafundisha njia.