"Did you slept" ina kosa gani jamani? Naombeni msaada

Wakuu habari za mchana. Mimi nipo mapokezi kwenye lodge moja hapa Arusha, leo asubuhi nikamuuliza mgeni "Did you slept well?" akacheka kidogo akaniambia ni sleep siyo slept, nikabaki nimeduwaa, maana kalala jana na jana si imeshapita? Hivi hizi do, does, did zinafanyaje kazi, mwenye kujua anieleweshe taratibu, shule niliishia njiani.

mtu_wa_karatu: Mkuu Kiswahili ndo kinakuponza. Sisi tunasema "alikuwa anakula", angalia vizuri, kitenzi kisaidizi (alikuwa) kimebeba mtu na wakati, na kitenzi kikuu (anakula) nacho kimebeba mtu na wakati, wote wamevaa sare. Mzungu anamvalisha wa kwanza tu. Did imeshaibeba jana yako yote, kwa hiyo sleep inabaki kavu. Ndo maana "she sleeps" ukiuliza inakuwa "does she sleep", ile s imehamia kwenye does.

babu_chaki: Hapo umemaliza. Mimi naongezea can, must na should, hao wakorofi, hawataki s wala to. Hakuna "he cans" wala "must to go". Nimefundisha form two miaka kibao, hiyo "must to" nimeipigia mkasi mpaka peni nyekundu zinaisha.

Mleta uzi: Kwa hiyo hata "I didn't saw" kosa? Mungu wangu, naisema kila siku!! Na have je?

mtu_wa_karatu: I didn't see. Have inataka umbo la tatu la kitenzi (eat, ate, eaten), "I have eaten" siyo "I have ate", ichukulie kama -me- yetu, nimekula. Ila have ana sura mbili, kwenye "I have a car" hasaidii mtu, yeye ndo kitenzi kikuu, ndo maana ukiuliza inabidi umwite do, "Do you have a car?"

tangawizi_kali: Na "I am agree"? Bosi wangu anaiandika kwenye kila email.

babu_chaki: Kosa. Agree inajitegemea, "I agree" basi. Ila bosi muache kama alivyo, kodi ya nyumba inakusubiri.

Mleta uzi: 😂😂 Asanteni sana. Mgeni yupo mpaka Jumapili, kesho namvizia kwenye chai. Did you sleep well. Sleep kavu.