Media za mtandaoni za Romania zimenichosha: wakubwa wakisema, wao kazi yao kubandika tu

Wakuu habari za humu. Niko Bucharest, Kiromania nasoma bila shida, na leo nimejaa mpaka hapa. Hivi hizi saiti za habari za huku zina waandishi au zina watafsiri tu? Ukiamka ni Trump kasema, Putin kajibu, Macron kaonya, Brussels ina wasiwasi, saiti tano habari ileile toka shirika lilelile hata koma haijahama. Kinachobadilika ni kichwa cha habari tu, nacho kimewekwa kama ndoano ili ubofye.

Mnakumbuka droni za Septemba 2023? Urusi ilikuwa inapiga bandari ya Izmail kule Ukraine, na ng'ambo tu ya mto Danube kuna kijiji cha Plauru ambacho ni Romania kabisa. Tarehe 4 Kyiv wakasema droni zimeangukia upande wa Romania, wizara ya ulinzi ya huku ikakana katakata, basi ikawa huyu kasema yule kakanusha, wakati wanakijiji moto wanauona kwa macho yao. Tarehe 6 waziri Angel Tîlvăr akakiri kwamba vipande vimepatikana. Nchi iko NATO toka 2004 lakini habari ya kwake mwenyewe inaisubiri itamkwe na mwingine!

Uchaguzi wa rais ndo usiseme. Desemba 6, 2024 Mahakama ya Katiba ikafuta duru ya kwanza ambayo mgombea Călin Georgescu aliongoza, kukiwa na maswali kibao kuhusu kampeni yake ya TikTok na mkono wa Urusi. Mimi nilitaka kujua nani alilipa, kiasi gani, kupitia wapi. Kuna wachache walichimba, nawapa heshima zao, ila Februari 2025 Vance, makamu wa rais wa Marekani, akaenda kuwasema Wazungu wa Ulaya pale Munich akaitaja Romania, basi wiki nzima ni Vance Vance Vance. Mei 18, 2025, siku yenyewe ya marudio duru ya pili, Durov, mwenye mtandao wa Telegram, akarusha kiemoji cha mkate wa Kifaransa kudokeza kwamba kuna serikali imemwomba azime chaneli za wahafidhina wa Romania. Paris wakakanusha. Watu wako kwenye foleni ya kura, saiti zinajadili mkate!

China? Utaisoma kwa macho ya Washington, au husomi kabisa.

Na msiniambie hawana hela, vyama vikubwa huku vinachukua ruzuku ya serikali na kumwaga mamilioni ya euro kwenye media, mara nyingi msomaji hata haambiwi kwamba hilo ni tangazo la chama.

Sasa kilichoniuma zaidi ni Novemba 2023, Iohannis, rais wa Romania wakati huo, alipokuja kwetu, Kenya, Tanzania mpaka Zanzibar, halafu Cape Verde na Senegal. Nikasema leo watu watasoma kuhusu sisi. Wapi! Ndege ya kukodi, bei ya ndege, mke wake kavaa nini. Sawa, gharama waulize, tena ikulu yao ilikuwa inazificha, lakini alichozungumza na Mama Samia au Ruto nilikipata kwa kusoma taarifa rasmi ya ikulu, sio gazetini.

Kama kuna mtu humu anaijua saiti ya Kiromania yenye mwandishi wake anayekaa Afrika, yaani mmoja tu, aweke jina hapa. Na wale wa "kwani kwetu ni tofauti" najua mnakuja, fungueni uzi wenu.