Maji Maji kwa vijana wa Lindi: tuanze na Kinjeketile au na kumbukumbu?

Msomaji wa Rasbura:
Kikundi kimoja cha usomaji hapa Lindi mjini kimependekeza tamthilia ya Kinjeketile, inayohusu vita vya Maji Maji dhidi ya Wajerumani, iwe kitabu cha kwanza kwa vijana 30 wa kidato cha tatu na cha nne, halafu "historia ifuate". Napinga huo mpangilio. Tamthilia yenyewe sina ugomvi nayo. Ebrahim Hussein aliitoa mwaka 1969 na kwa lugha ya jukwaani wachache wamemfikia. Lakini kijana akitangulia kuisoma, kila atakachosoma baadaye atakipima kwa hiyo.

Nitoe mfano mmoja. Katika tamthilia, vita inapiganwa na kushindwa Kinjeketile akiwa hai, ndipo anakutwa kifungoni akitakiwa akane maji, ile dawa aliyowapa watu kuwakinga na risasi. Kwenye kumbukumbu, Kinjeketile Ngwale alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905. Pamba iling'olewa Nandete mwishoni mwa Julai, ndilo tendo lililoanzisha vita. Yaani mtu huyu aliondoka vita ikiwa na siku chache tu, na vita ikaendelea hadi 1907. Kijana aliyeanza na tamthilia anaamini yote yalisimamiwa na mtu mmoja. Mwulize nani alipigana Umwera, nchi ya Wamwera, baada ya hapo, atakutazama tu.

Mwalimu wa Mingoyo:
Ndugu yangu wa Rasbura, mwandishi mwenyewe ametahadharisha kwenye utangulizi kwamba Kinjeketile wake ni wa kubuni, si yule wa historia. Kosa ni la wanaoruka utangulizi. Na wanauruka kwa sababu wanasoma mwongozo wa mtihani badala ya kitabu: dhamira tano, wahusika sita, "mandhari ni Umatumbini", basi.

Tena, kumbukumbu alizokusanya mwanahistoria Gwassa pamoja na mwenzake Iliffe ni maelezo ya wazee, vipande vipande. Ukimpa kijana wa miaka 16 kurasa hizo bila kumshika mkono, ukurasa wa nne amelala. Tamthilia inasomwa kwa sauti, inashika.

Bi Mkubwa wa Mtanda:
Inashika ikisomwa vizuri. Inavyosomwa kwenye vikundi vingi, haishiki. Mtindo ni ule wa kuzunguka duara, kila mtu mistari mitatu, anayefuata anaendelea. Chukua mhusika Kitunda: Kitunda wa kwanza sauti nzito, Kitunda wa pili msichana anayenong'ona, wa tatu hajui hata kama yeye ndiye Kitunda. Mgongano unakufa.

Fanyeni hivi: nakala 6 kwa vijana 30, watano kwa kila nakala. Wapangieni sauti siku moja kabla. Kinjeketile abaki na msomaji mmoja onyesho zima, maana maneno yake ni marefu na yanavunjika pumzi vibaya. Wanaobaki wawe wanakijiji, wanadakia pamoja. Kipindi kisizidi dakika 80: 50 za kusoma, zinazobaki za kubishana. Mkisoma dakika 80 mfululizo mjadala unahamia wiki ijayo, na wiki ijayo nusu hawaji.

Mmatumbi wa Kipatimu:
Shikamoo Bi Mkubwa. Hayo ya sauti nakubali, ila mnalikwepa swali. Kwa nini watoto wa Kilwa na Lindi walijue jina la Kinjeketile na wasiyajue majina ya Ngulumbalyo Mandai na Lindimyo Machela? Hao ndio waliopanda Nandete wakang'oa mashina matatu ya pamba. Mashina matatu tu, hawakufyeka shamba zima. Ilikuwa ni kutangaza vita: ukigusa pamba ya serikali umeshajitangaza adui, na akida wa Kibata, yaani mtawala mdogo wa serikali ya Mjerumani, lazima ajibu. Tendo dogo kiasi kile halina kelele ya jukwaani, ndiyo maana linasahaulika. Na kabla yake kulikuwa na njwiywila, ile habari ya siri iliyopita mdomo kwa sikio kijiji hadi kijiji. Neno hilo halipo kwenye mwongozo wowote unaouzwa stendi.

Mwalimu wa Mingoyo:
Hapo kaka umenishika. Njwiywila peke yake ni kipindi kizima.

Msomaji wa Rasbura:
Ndiyo maana nasema wiki mbili za mwanzo zisiwe za kitabu chochote kizima. Karatasi moja ya manila, ramani ya kuchora kwa mkono: Nandete, Kibata, Samanga, Liwale, Nyangao, Masasi. Kando ya kila jina tarehe. Julai mwishoni, Nandete. Katikati ya Agosti, Askofu Cassian Spiss anauawa karibu na Liwale. Mwisho wa Agosti, misheni ya Nyangao. Kijana akiona moto umetoka Umatumbini hadi Umwera ndani ya wiki tano, na Kinjeketile ameshanyongwa Mohoro tangu wiki ya kwanza au ya pili, atauliza mwenyewe nani aliubeba. Hapo sasa mpe tamthilia.

Na karatasi ya pili, safu tatu: tamthilia inasema, wazee wanasema, hakuna anayesema. Safu ya tatu ndiyo hujaa taratibu, nayo ndiyo tamu.

Mpenda Tenzi:
Mmesahau utenzi. Abdul Karim bin Jamaliddini, mtu wa Lindi hii hii, alitunga Utenzi wa Vita vya Maji-Maji, na ukachapwa mwaka 1957 pamoja na tafsiri ya Kiingereza ya Whiteley. Tunahangaika na tamthilia ilhali shairi la mji wetu lipo?

Bi Mkubwa wa Mtanda:
Mwanangu, utenzi huo ukisomwa kimya kama gazeti hawavuki beti 20. Lazima uimbwe, na kabla ya kuimba wajue kupima. Mizani, yaani silabi, 8 kila kipande, vipande vinne kwa ubeti, vitatu vya mwanzo vina kina kimoja, cha nne kinabeba bahari, yaani kina kisichobadilika, hadi mwisho wa utenzi. Vijana hukwama kwenye m. "Mtama" wanahesabu mbili, ni tatu: m-ta-ma. "Mjerumani" ni tano. Wakikosea hapo, kila kipande chenye m wanakiona kimepungua, wanasema mtunzi kakosea. Wapeni kipande cha mazoezi, "na pamba wakaing'oa", wakihesabu kwa vidole. Wakipata nane, fungueni kitabu. Beti 15 kwa kipindi zinatosha, na msamiati wa zamani uandikwe ubaoni kabla, maana kusimama katikati ya wimbo kuuliza maana kunaua mahadhi.

Mpenda Tenzi:
Nimekubali, Bi Mkubwa. Uende wa tatu basi, baada ya tamthilia.

Mwalimu wa Mingoyo:
Kuna jambo ambalo ni tamthilia pekee italifundisha, msilitupe. Pale Kinjeketile anapogundua kwamba ujumbe alioutoa unasema watakuwa watoto wa Seyyid Said. Anajiuliza: tunamtoa Mjerumani ili atutawale Sultani? Hapo ndipo kitabu kizima kinageuka. Kijana akilielewa hilo, hatakuja kuandika kwenye mtihani kwamba kosa lilikuwa "imani za kishirikina".

Msomaji wa Rasbura:
Na mimi napapenda hapo, ila bila tarehe hapaumi. Seyyid Said alifariki 1856. Vita ni 1905. Ni miaka 49 marehemu yuko kaburini. Asiyejua hilo anapita tu kama jina la mfalme yeyote. Anayejua anashtuka: kumbe ukombozi umeahidiwa kwa jina la mtu aliyekufa zamani. Mwalimu, wewe mwenyewe umenipa sababu ya ramani kutangulia.

Mwalimu wa Mingoyo:
Wiki moja ya ramani, si mbili. Ya pili wataanza kutoroka.

Mmatumbi wa Kipatimu:
Iwe moja, lakini mashina matatu yawemo. Na mkichora, msiiweke Ngarambe, kijiji cha Kinjeketile, ndani ya mkoa wa Lindi kama wanavyofanya wengi wanaotaka Kinjeketile awe wa kwetu. Ngarambe iko Rufiji, mkoa wa Pwani. Mohoro pia. Nandete ndiyo iko Kilwa.