Kahawa inaungua nje, ndani bado mbichi: nirekebishe nini kwenye mashine?

BuniMbichi
Wakuu, nimeunda mashine ya kukaangia kahawa. Pipa ni la steinlesi, kipenyo sm 16, urefu sm 25, ndani laini tupu. Linazungushwa na mota ya waipa ya volti 12, mizunguko 25 kwa dakika, na chini kuna jiko la gesi. Natia gramu 500 kipimajoto kikisoma nyuzi 230 za Selsiasi. Punje zinatoka na madoa meusi upande wa bapa, nikizikata katikati rangi ni hafifu na zinanukia majani mabichi. Kipimajoto kinafika 240 kabla sijasikia mpasuko wa kwanza, yaani mlio wa punje zikianza kupasuka. Gesi ni kali mno au shida iko kwenye pipa?

Fundi Shafti
Mkuu, usianze na gesi, anza na mzunguko. Kwa mizunguko 25 kwenye pipa laini punje hazipinduki, zinateleza tu huku upande bapa umelalia chuma cha moto. Doa linatokea hapo. Badilisha puli upate mizunguko 55 hadi 60. Usipitilize: pipa la kipenyo hicho likikaribia 100, punje zinang'ang'ania ukutani na kuzunguka nalo.

Kisha chomelea ndani ya pipa mapezi manne, yaani vibamba vya kupindua buni, kimo sm 1.5. Mawili yaegemee kulia, mawili kushoto. Yote yakiegemea upande mmoja, buni itarundikana mlangoni na rangi haitalingana. Jaribu kwanza bila moto: tia buni, mulika tochi ndani. Ukiona punje zinaporomoka kupitia katikati ya pipa, umefika. Ukiona rundo linatikisika tu mahali pamoja, bado.

KipimoK
Nakubaliana na Fundi, ila hiyo 240 si joto la buni, ni la hewa. Gramu 500 ni kama robo tatu ya lita ndani ya pipa la lita 5, kwa hiyo rundo lina kina cha sm 3 hivi. Pitisha themokapo (waya wa kupimia joto) aina ya K, unene mm 3, kwenye bamba la mbele lisilozunguka, upande ambao punje zinapanda, ncha iwe sm 2 kutoka ukutani. Ndiyo maana mapezi yasizidi sm 1.5, la sivyo yataigonga.

Ikikaa vizuri, mpasuko wa kwanza utausikia kati ya 196 na 205. Ukiusikia kwenye 215, ncha bado inashika hewa. Tia buni pipa likisoma 190. Rangi ya njano ije karibu na 150, dakika ya 4 au 5, na mpasuko dakika ya 9 au 10. Punguza gesi dakika moja kabla ya mpasuko, lakini usiizime! Joto likisimama hapo, kahawa inapoteza ladha na kuwa kama mkate mkavu mdomoni. Endelea dakika moja na nusu hadi mbili, kisha mwaga. Pima uzito: kwa ukaangaji wa kati, gramu 500 zibaki 425 hadi 430.

BuniMbichi
Asanteni sana. Na shafti inakwama kila pipa likipata moto, baridi inazunguka vizuri. Beringi mbovu?

Fundi Shafti
Beringi ni nzima, pipa linarefuka. Steinlesi ya sm 25 ikipanda nyuzi 200 inaongezeka karibu mm 1, na wewe umeibana pande zote mbili. Kaza upande wa mota tu, wa pili uache huru uteleze. Tumia grisi ya joto kali, ya kawaida inayeyuka na kuchuruzika. Kama kuna bati lililopakwa zinki karibu na moto, liondoe, moshi wake ni sumu.

KipimoK
Ongeza feni ya kupoza: ungo wa matundu juu, feni ikivuta hewa kwenda chini, kahawa ipoe ndani ya dakika 4. Makapi (maganda membamba ya buni) yasafishe kila baada ya mkaango, yakijikusanya karibu na jiko yanawaka moto.